Karthala, Jebel Shams na Kambi ya Everest: vifurushi vya ng'ambo kwa mtu wa Malindi na Lamu

Mtu wa Malindi aliyekaa miaka bila kupanda ndege ya ng'ambo, akiingia leo kwa wakala kuulizia kitu kikubwa kuliko ununuzi wa Dubai, ataoneshwa milima. Tumechagua safari tatu za aina hiyo tukazipima kama bidhaa, kwa siku zinazotolewa, kilichomo kwenye bei na kinachoachwa nje: kupanda volkano ya Karthala kule Ngazija, visiwani Komoro, kutembea ukingoni mwa korongo la Jebel Shams nchini Omani, na kwenda kwa miguu hadi kambi ya chini ya Everest, Nepali. Karthala inunue. Jebel Shams inamfaa anayejiamini kwenye usukani. Everest ya siku 12 kutoka mlangoni mwako hadi kurudi mlangoni mwako tunaikataa kabisa, na hiyo ndiyo tutakayoizungumza zaidi.

Ila kwanza fungua kabati. Pasipoti ya zamani isiyo na chipu ilikwisha kazi mwishoni mwa 2022. Hizi za kielektroniki zilianza kutolewa 2017 na hudumu miaka 10, kwa hiyo za mwanzo zinafikia mwisho 2027, na nchi nyingi hutaka pasipoti ibaki na uhai wa miezi 6 tangu siku ya kuingia. Maombi hufanywa eCitizen, kisha mwenyewe hufika kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mombasa ni mojawapo ya vituo. Cheti cha homa ya manjano usikitupe kwa sababu kimeandikwa kuwa ni cha miaka 10. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha, hata kwa waliochanjwa kabla. Aliyekipoteza kitabu achanjwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, maana Kenya imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na msafiri atokaye hapa huulizwa cheti mara kwa mara.

Kisha buti. Hapa watu wa mwambao huumia kuliko wa bara. Soli ya katikati ya buti nyingi za mlimani ni povu la poliurethani, na povu hilo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kama buti hazijaguswa. Miaka mitano katika joto na unyevu wa Malindi inatosha kuziua. Kwa macho utaziona nzima. Siku ya pili njiani soli nzima inabanduka. Zivae, upande na kushuka ngazi nusu saa huku una mzigo, halafu bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ikitoa unga, ikipasuka nyufa ndogondogo au ikibonyea bila kurudi, ziache. Fundi viatu anaweza kugandisha soli iliyoachia gundi, lakini povu lililooza halina dawa. Jaketi la mvua na hema hupatwa na maradhi hayohayo: bitana ya ndani huanza kunata na kunuka, na mvua hupita. Tochi ya kichwani iliyolazwa na betri ndani nayo ifungue uitazame, huenda betri imevuja ikala vyuma.

Karthala ni volkano hai yenye mita 2,361. Kwa aliyepumzika muda mrefu hakuna mwanzo mwema zaidi. Kupanda na kushuka ni siku 2 na usiku 1, mwinuko wake haumsumbui mtu mzima wa afya, na Kingazija ni ndugu wa Kiswahili kiasi kwamba mtu wa Lamu huanza kuokota maneno tangu uwanja wa ndege wa Hahaya. Njia ya kawaida ni kuunganisha ndege Nairobi au Dar es Salaam. Viza hutolewa ukifika. Beba euro taslimu, kwani faranga ya Komoro imefungwa kwa euro, takriban 492 kwa euro 1.

Kasoro ya kifurushi hiki ni maji. Ngazija haina mito. Mwamba wake ni kama chujio, mvua hunyesha ikazama papo hapo, na huko juu hakuna chemchemi wala kisima, hivyo kila tone hubebwa. Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani kilo 8 za maji kwa safari nzima kabla hujatia chakula na hema. Karatasi ikisema tu kwamba maji yamo, uliza ni lita ngapi na mgongoni mwa nani. Msimu ni Mei hadi Oktoba, kusi ikivuma na mvua imepungua. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua na vimbunga, kama Kenneth cha Aprili 2019 kilichopiga visiwa hivyo. Mlima ulilipuka mara mbili 2005, tena 2006 na 2007, na jivu la 2005 liliingia katika matangi ya maji ya mvua ambayo wenyeji huyategemea. Kiongozi mzuri huuliza hali ya volkano mjini Moroni kabla ya kupanda. Sweta na jaketi la mvua ni lazima, na dawa ya kukinga malaria uizungumze na daktari.

Omani tuipite upesi, kwa kuwa mengi yake yanajulikana kwetu. Msimu ni Novemba hadi Machi. Nje ya hapo joto hupita digrii 40 mabondeni. Njia ya miguu ya kukufanya ununue safari hii ni ile iitwayo W6, inayopita ukingoni mwa korongo lenye kina cha kama mita 1,000 hadi kijiji kilichohamwa, saa 4 kwenda na kurudi kwa mwendo wa taratibu. Ile ya W4, inayofika kilele cha kusini karibu mita 3,000, ni ya siku nzima na mwanzoni uiache. Magari hukaa kulia mwa barabara, kinyume na kwetu, na kosa hutokea unapotoka kituo cha mafuta au mzunguko, akili ikirudi nyumbani. Jaza tangi Nizwa. Usiegeshe gari wala kulala ndani ya wadi, yaani bonde kavu la mto, hata mbingu ikiwa nyeupe, maana mvua ya milimani, kilomita nyingi kutoka ulipo, huteremka kama ukuta wa maji. Maskati utasikia Kiswahili madukani, kwa familia zenye asili ya Unguja na mwambao, jambo linalompunguzia wasiwasi msafiri aliyeanza upya.

Sasa Everest. Kambi ya chini iko mita 5,364. Shinikizo la hewa hupungua kadiri unavyopanda, na pale kila pumzi ina takriban nusu ya oksijeni unayovuta ukiwa Malindi. Mwili unaweza kuzoea, lakini hudai usiku kadhaa na haubembelezeki kwa nguvu za mapaja. Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 lala palepale usiku wa pili.

Itazame ratiba ya kawaida kwa kanuni hiyo. Ndege hutua Lukla, mita 2,860, na usiku wa kwanza hulaliwa chini yake, Phakding, mita 2,610. Halafu Namche Bazaar, 3,440, usiku 2. Tengboche, 3,860. Dingboche, 4,410, usiku 2. Lobuche, 4,940. Siku ya 8 unafika Gorak Shep, 5,164, unatembea hadi kambini na kurudi kulala. Kushuka ni siku 3, na ya 12 ni ndege. Hata hivi, mruko wa Tengboche hadi Dingboche unapita mita 500 kidogo. Ndiyo sababu Dingboche hulaliwa mara mbili. Sasa chukua kifurushi cha siku 12 mlango kwa mlango. Toa 2 za kwenda na 2 za kurudi, zinabaki 8 za kupanda na kushuka. Mpangaji amezipata wapi siku 4? Amefuta usiku wa pili wa Namche na wa Dingboche, na kushuka amekubana. Bei inapungua kwa sababu usiku uliofutwa haulipiwi, na ndio huohuo unaokulinda. Sisi twataka siku 18: za mlimani 12, Kathmandu 2 mwanzoni, na nyingine zikiwa za ndege pamoja na akiba.

Akiba ni kwa ajili ya Lukla. Njia ya kurukia pale ina mita 527 tu, ndege ni ndogo na huruka kwa macho, basi mawingu yakishuka shughuli imekwisha mpaka kesho. Msimu ukifura, safari nyingi haziondoki Kathmandu bali uwanja wa Ramechhap, mwendo wa saa 4 au 5 kwa gari, ambako abiria hufikishwa kwa kuondoka usiku wa manane. Uliza wakala ni uwanja upi na gari hilo analipa nani. Mzigo ni kilo 15 jumla, pamoja na mkoba wa mkononi. Jaketi zito na mfuko wa kulalia usivinunue huku. Mtaa wa Thamel, Kathmandu, hukodisha vyote viwili. Viza hutolewa uwanjani Kathmandu, dola 30 kwa siku 15 na 50 kwa siku 30. Kwa safari ya siku 18 chukua ya 30. Misimu ni Machi hadi Mei, na Oktoba na Novemba.

Chakula hakimpi shida Mwislamu akikaa kwenye wali wa adesi, wenyewe huuita dal bhat, ambao mara nyingi huongezwa bure hadi ushibe, na mayai. Nyama iache hata kama ungeipata halali. Kule juu hawachinji, kwa hiyo hupandishwa siku kadhaa bila barafu, na tumbo likiharibika mita 4,000 safari imevunjika. Kibla ni magharibi, si kaskazini kama tulivyozoea.

Dalili zijulikane na kila aliye kwenye kundi. Kichwa kuuma na kichefuchefu: usipande zaidi, lala palepale. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali umekaa kitako: teremka wakati huohuo, hata ikiwa saa nane usiku, maana ubongo au mapafu yanajaa maji na kungoja asubuhi kunaua. Acetazolamide husaidia mwili kuzoea, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini mwone daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Bima nyingi zinazouzwa pamoja na tiketi zilitengenezwa kwa ajili ya viza, na hukoma mita 3,000 au 4,000. Tafuta ndani ya mkataba neno la mwinuko; iseme 6,000 na itaje uokoaji wa helikopta waziwazi. Namba ya dharura ya bima iwe mfukoni mwako, na wewe au mwenzako aipige kabla ya helikopta kuitwa. Mwaka 2018 serikali ya Nepali ilichunguza udanganyifu wa safari za helikopta zilizotozwa bima bila haja, na tangu hapo kampuni za bima hukagua kila dai.

Mazoezi ya mwambao huleta pumzi na magoti, hayaleti kuzoea mwinuko. Anza wiki 12 kabla. Mchanga wa Silversands maji yakipwa, au ufuo wa Shela kwa watu wa Lamu, kilomita kama 12 upande mmoja, unatosha kwa mwendo mrefu wa Jumamosi. Begi lianze na kilo 5, lifike 10. Ngazi za jengo refu, mara 2 kwa wiki, ni za kuzoeza mapaja kuteremka, kwa kuwa wengi huumia magoti wakirudi. Kipimo cha kweli kiko hapahapa nchini: Lenana, kilele cha Mlima Kenya, mita 4,985, kwa njia ya Sirimon. Kutoka kambi ya Old Moses, 3,300, hadi kambi ya Shipton's, 4,200, ni mruko wa mita 900, kwa hiyo ongeza usiku Old Moses. Aliyelala vizuri Shipton's ana haki ya kufikiria Nepali mwaka ujao.

Kuhusu tiketi zenyewe. Malindi haina ndege ya ng'ambo, hivyo kila kifurushi kina kipande cha kwanza hadi Nairobi au Mombasa. Kikiuzwa kwa tiketi ya pekee, ndege ya pili haikungoji ya kwanza ikichelewa. Lala usiku mmoja Nairobi. Wa Lamu waongeze boti ya kuvuka hadi Manda, na wanaopitia barabara ya Mombasa wauhesabu msongamano wa Mtwapa. Wakala awe na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na mwenye haja zaidi aulize kama ni mwanachama wa KATA, chama cha mawakala wa usafiri nchini. Mpe malipo ya kwanza, lakini salio lisubiri mpaka upewe namba ya tiketi. Namba ya kuwekea nafasi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 6, huonyesha tu kwamba kiti kimeshikwa, na kinaweza kuachiliwa bila wewe kuambiwa. Tiketi iliyolipwa ina tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika la ndege. Iingize kwenye tovuti ya shirika hilo ukiwa bado umeketi mbele ya meza ya wakala, ulione jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.