Ukinunua pleya ya santuri, uliza Hz kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ya walionunua pleya ghali yanafanana sana. Santuri unayoijua vizuri inatoka nzito, mwimbaji kama ndiyo kwanza ameamka. Au umeme unakatika jioni, jenereta inawashwa, na magitaa yanapanda juu kisha yanaanza kuyumba. Fundi anaitwa, anabadilisha mkanda unaozungusha santuri, anabadilisha sindano, na tatizo liko palepale. Mkanda hauna kosa. Kosa lilifanyika dukani, pale ambapo hakuna aliyeuliza mota ya pleya ile inapata wapi mwendo wake.

Pleya nyingi za mkanda zina mota ya AC (umeme geu) inayofuata masafa ya umeme wa ukutani, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde, ndiyo Hz. Tanzania, Kenya na Uganda umeme ni 50 Hz. Marekani ni 60. Saudia nayo ni 60, ingawa jirani zake Oman na Emirati wanatumia 50, kwa hiyo pleya iliyoletwa na ndugu kutoka Jeddah si sawa na iliyotoka Muscat. Chukua mashine ya 60 Hz uiwashe Mombasa: sinia, lile bamba linalobeba santuri, litazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na muziki utashuka zaidi ya nusu toni tatu. Muuzaji atakwambia ununue transfoma ya kushusha 240 iwe 110. Transfoma inashusha volti, Hz inaziacha zilivyo. Stabilaiza nayo ni hivyohivyo. Vitu hivi viwili vinauzwa kama dawa ya mwendo, na inaudhi kweli, kwa sababu anayeviuza hana hata haja ya kuvijaribu mbele yako.

Jenereta ndogo ya petroli ina shida ya aina yake. Ikiwa na mzigo mdogo inaweza kwenda 52 Hz, friji ikiwaka inashuka. Kwa 52 Hz, ile 33⅓ inakuwa 34.7, yaani asilimia 4 juu, na mwenye sikio la muziki anaisikia papo hapo. Inveta za bei ya chini zisizotoa wimbi laini huenda zikashika 50 Hz vizuri, lakini mota inanguruma na kupata joto, na mtetemo ule unapanda kwenye sinia hadi kwenye sindano.

Kwa hiyo pleya ninazozipendekeza nimezipanga kwa swali moja: mwendo wa sinia unasimamiwa na nini? Mbao, rangi na kifuniko utaviona mwenyewe kwa macho.

Ya kwanza ni Technics SL-1200GR2, ya mwaka 2023. Naipendelea Technics na sifichi. Mota iko chini ya sinia, mkanda hakuna, na mwendo unashikwa na saketi ya ndani yenye fuwele ya kwatsi. Umeme utoke kwa TANESCO au kwa jenereta ya jirani, sinia halijali. Kampuni ilianza kutengeneza SL-1200 mwaka 1972, ikasimamisha 2010, ikairudisha 2016 kwa SL-1200G iliyouzwa kama dola 4,000. G ni nzito zaidi, kilo 18, na ni mashine nzuri mno, ila tofauti ile ya bei itakufaa zaidi kwenye katriji (kile kipande kinachobeba sindano) na fono (kikuza sauti cha pleya). Kwa sisi kuna sababu nyingine. Muziki mwingi wa dansi uliochapwa Nairobi miaka ya 1970 uko kwenye santuri za inchi 7, mwendo wa 45. Hapa unabonyeza kitufe. Kwenye pleya nyingi za mkanda unainua sinia na kuhamisha mkanda kwa kidole kila unapobadilisha, na vidole vya mafuta ndivyo vinavyofanya mkanda uteleze.

Mkono wake unaobeba katriji una pete ya kupandisha na kushusha kimo, jambo la lazima ukibadilisha katriji nene kwa nyembamba. Kufunga katriji nako ni rahisi: ncha ya sindano iwe milimita 52 kutoka kwenye mpira ulio nyuma ya kichwa, pale kinapoingia mkononi. Ukitumia katriji ya Ortofon 2M Blue, weka uzito wa gramu 1.8 kwenye sindano. Usiseme mzito kidogo ndiyo salama, wala mwepesi: sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji na kuukwaruza.

Kama huna fono, chukua SL-1500C ya nyumba hiyohiyo. Ina fono ndani, inakuja na katriji ya 2M Red, na mkono unajiinua wenyewe santuri ikiisha.

Ya pili ni Rega Planar 6, kwa sababu inauzwa pamoja na Neo, kisanduku kinachotengeneza umeme wake wa kuendesha mota na chenye kitufe cha 33 na 45. Planar 3 bila Neo ina mkono mzuri, lakini mota inafuata ukuta. Ukiipenda hiyo, hesabu bei ya Neo tangu mwanzo. Mkono wa Rega hauna pete ya kimo, unaupandisha kwa vipande vya milimita 2 vinavyowekwa chini yake.

Linn LP12 naiweka ya tatu, toleo lenye Lingo, kisanduku cha Linn kinachosimamia umeme wa mota. Imeelea juu ya springi tatu, na springi hizo zinahitaji mtu anayejua kuzisawazisha. Kwenye sakafu ya mbao inayoyumba hatua za mtu zinaweza kuitikisa, ila nyumba zetu nyingi ni zege.

Thorens TD 160 na Garrard 401 za zamani ni nzuri zikiwa na puli (kigurudumu cha mota) ya 50 Hz. Puli ya 60 inabadilishwa, ila ipate kwanza ndipo ulipe.

Za bei ya chini: Pro-Ject Debut Carbon EVO, basi. Zile za sanduku zenye spika ndani ziache.

Ukifika kwa muuzaji, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimebanduliwa, ondoka. Technics za zamani za soko la Japani ni za 100 V, ukizichomeka kwenye 240 transfoma inaungua. Halafu bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, weka santuri, shusha sindano, uhesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Ziwe 100. Zikiwa 101, inakimbia kwa asilimia 1. Wapo wauzaji wanaokataa jaribio hili na bado wanataka bei ya kitu kipya kwa pleya isiyo na uzito wa nyuma.

Ukishalipa, usikubali isafirishwe ikiwa imeunganishwa. Ng'oa uzito wa nyuma, funga mkono, toa sinia ulifunge peke yake. Likisafiri juu ya ekseli yake, kila shimo la barabara linagonga beringi.