Murabaha au mkopo wa riba, kipi bora?

Hili swali haliishi, hasa tangu zianze benki za Kiislamu zisizotoza riba kama Gulf African Bank ya Kenya 2008 na Amana Bank ya Tanzania 2011. Kwenye murabaha benki haikupi cash, inanunua kitu yenyewe halafu inakuuzia kwa bei ya juu unalipa kidogo kidogo. Mfano pikipiki ya milioni 3 unauziwa 3,600,000 kwa miezi 12, yaani laki 3 kila mwezi, na bei haipandi hata ukichelewa, faini ikiwepo inaenda sadaka. Mkopo wa riba unashinda kwenye uhuru, pesa unashika mkononi unalipa mafundi, mishahara, ada, kitu murabaha haiwezi, na ukimaliza mapema mara nyingi riba iliyobaki unaikwepa. Kwa gharama usidanganywe jamani, murabaha sio lazima iwe rahisi, piga hesabu ya jumla kote kote. Usumbufu wa makaratasi upo pande zote. Kama riba ni haramu kwako na unataka chombo au bidhaa, murabaha inakufaa kabisa, ila mwenye shida ya cash ya kuzungushia biashara na dini yake haimkatazi, mkopo wa kawaida utamfaa zaidi.