Kuburuta faili na maneno kwa kipanya: uzoefu wangu wa stesheneri

Nina miaka sita kwenye stesheneri karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, na kutwa nzima mkono wangu uko kwenye kipanya. Wanafunzi wanaleta flashi, nahamisha, napanga, naprinti. Kompyuta zetu ni za Windows. Kuburuta ndiko kunakonibeba: nabana kitufe cha kushoto juu ya faili, naivuta hadi kwenye folda ninayotaka, naachia.

Kwa faili naipenda sana njia hii. Ila mkono ukifanya kitu kilekile, matokeo ni mawili. Faili ukiiburuta ndani ya diski ileile, inahama. Ukiipeleka diski nyingine, kama flashi, inanakiliwa na ya mwanzo inabaki palepale. Nililielewa vizuri siku mwanafunzi mmoja aliposimama kaunta machozi yanamlengalenga: "Dada, folda ya ripoti yangu haipo, na nakabidhi saa nane!" Kipanya kilikuwa kimeingia vumbi la kiangazi, kitufe kinaachia chenyewe katikati ya safari, folda ikaangukia ndani ya folda ya mtu mwingine. Nilibonyeza Ctrl na Z, ikarudi ilikotoka.

Tangu hapo faili za wateja naziburuta kwa kitufe cha kulia. Ukiachia, kompyuta inakuuliza kwanza: uhamishe, unakili, uweke njia ya mkato, au ughairi. Hilo swali moja limeniokoa mara nyingi. Anayetaka kubaki na kitufe cha kushoto ashikilie Ctrl ili kunakili au Shift ili kuhamisha. Mwenye Mac, kunakili ni Option. Ukihisi unakosea, bonyeza Esc kabla hujaachia.

Maneno ndani ya Word ni habari nyingine. Kusogeza sentensi mistari miwili mitatu, safi kabisa. Kutoa aya ukurasa wa 12 kuipeleka wa 30, sikushauri: ukigusa ukingo wa dirisha kurasa zinakimbia, unapitiliza unapokwenda. Hapo natumia Ctrl na X kuikata, kisha Ctrl na V kuibandika. Tena wanaojifunza kuchapa huhamisha maneno bila kujua, kwa hiyo kwenye kompyuta ya wateja nimezima kuburuta maneno, kupitia Options halafu Advanced. Yangu nimeiacha ilivyo.

Na kipanya kile cha vumbi tulikibadilisha wiki ileile.