Tamthilia Ninazozipenda, Nikizisikiliza Kutoka Jikoni

Televisheni yetu iko ukumbini na jiko letu liko juu. Katika nyumba hizi za kale za Amu, yaani Lamu, za matumbawe na chokaa, sauti ya chini hupanda kwa kiwanda, ule uwanja wa ndani wa nyumba, ikafika darini safi kabisa, tena wakati mwingine kuliko ukiwa umekaa mbele ya kioo huku watoto wanagombana. Saa moja na nusu za jioni, tamthilia zinapoanza, mimi nina unga mikononi au kaango liko motoni. Kwa hivyo msitarajie niwasifie kamera wala nguo wala majumba ya kifahari. Kipindi nakipima hivi: nikikipa mgongo, nakielewa?

Kwa kipimo hicho, Vioja Mahakamani, vichekesho vya kortini vya KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, haijapata mpinzani nyumbani kwetu. Najua vijana watacheka, waseme hiyo ni ya enzi za televisheni ya mkia. Wacheke. Lakini sikilizeni jinsi ilivyotengenezwa. Kila mshtakiwa ana Kiswahili chake: Ondiek Nyuka Kwota akifungua kinywa ni Mjaluo mtupu, Makokha ana Kiluhya chake, Masanduku arap Simiti naye Ukalenjin wake haumtoki. Huna haja ya kumwona mtu ndipo ujue nani yuko kizimbani. Hakimu na kiongozi wa mashtaka wao wamenyooka, kwa hivyo kesi nzima huwa ni Kiswahili cha afisi kikipambana na Kiswahili cha mtu aliyekamatwa jana usiku. Na kosa lenyewe lishapita! Kuku alishaibwa, pombe ilishanyweka, ugomvi ulishatokea huko. Kilichobaki ni kusimulia tu, na anayesimulia ni mwongo. Raha yake ni pale mtu anapojitetea mpaka anajifunga mwenyewe, anataja jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, hakimu anarudi nyuma kidogo kwa upole: "Hebu rudia hapo." Hapo mimi hupunguza moto nikashuka, si kwa kutaka kuona, ni kwa kutaka kucheka na wenzangu.

Vitimbi, vichekesho vingine vya KBC, inaifuata kwa karibu. Nazi nimejizoesha kuikuna wakati wa matangazo, maana mbuzi ana kelele, na neno moja la Mama Kayai likikupita utauliza hadi kesho. Mzee Ojwang, mumewe Mama Kayai mchezoni, yaani marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili chake cha Kijaluo kilikuwa hakina ufa. Alipofariki mwaka 2015 na taarifa ya habari ikamtaja kwa jina lake halisi, bibi yangu alikataa katakata. "Huyo Wanjau Mungu amrehemu, lakini Ojwang ni mwingine." Tulimwonyesha picha gazetini. Akasema wamefanana.

Papa Shirandula ya Citizen niliipenda pia, ila nusu. Kisa cha bawabu anayemficha mkewe kazi yake, akajifanya mtu wa ofisini, ni kisa kitamu, na Charles Bukeko, aliyemwigiza bawabu huyo na akafariki Julai 2020, alikuwa na sauti iliyojaa chumba. Lakini vichekesho vyake vingi vilikuwa vya kutazama: sare inavuliwa mbio, mtu anajificha mahali, Awinja anakunja uso. Ukiwa juu, unasikia watu wa chini wakiangua kicheko na wewe huna habari.

Sasa nije kwa zile zilizoutikisa mji. Tamthilia za Lulu Hassan na Rashid Abdalla, hao mume na mke waliozoeleka kwa kusoma habari pamoja pale Citizen, zina heshima yake kwetu. Maria ilianza mwaka 2019, ikaja Zora, halafu Sultana mwaka 2022, na wimbo wa mwanzo ukilia tu wifi yangu alikuwa akinipigia ukelele kutoka chini kwa Kiamu chake: "Ndoo, imeanda!" yaani njoo, imeanza. Sultana ndiyo iliyotuingia zaidi watu wa Pwani, kwa sababu bahari ni yetu, buibui ni letu, na lafudhi tunaijua, na Mwanaasha Johari aliigiza Sultana mwenyewe, msichana asiyeona.

Basi oneni maajabu. Hadithi ya msichana asiyeona, na mimi niliye jikoni siwezi kuifuata bila macho. Mtu anapewa habari nzito, kisha kimya. Kinanda kinalia. Nyuso zinaoneshwa, huyu, yule, tena huyu. Mimi juu nimesimama na mwiko: nani amejua? Nani analia? Nauliza kwa sauti, "Kuna nini?" Wifi anajibu, "Wanaangaliana tu." Dakika nzima wanaangaliana tu! Nilitamani waandishi wamwachie Sultana mwenyewe atuongoze kwa masikio yake, tusikie mlango, tusikie viatu vya mtu asiyetaka kujulikana kuwa amefika, tujue tunapojua yeye. Ingekuwa kazi ya ajabu. Hata hivyo sikukosa usiku wowote niliokuwa na umeme, na mkinibana nitaitetea mbele ya tamthilia yoyote ya Kimexico iliyowahi kuonyeshwa hapa. Zile mhusika hupoteza kumbukumbu kila mvua ikinyesha.

Lakini iliyonikaa moyoni kupita zote ni ya Kichina. Nilikuwa Tanga kwa mama mdogo, huko TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, walikuwa wameanza kuionyesha mwishoni mwa mwaka 2011: Doudou na Mama Wakwe Zake. Mao Doudou ni muuguzi hospitalini, ameolewa na Yu Wei, na wazazi wa huyu Yu Wei walishaachana kitambo, baba akaoa mwingine. Kwa hivyo binti wa watu amejikuta na mama mkwe wawili, wasiopendana. Mwenye mmoja anajua shughuli yake. (Wangu ni mtu wa maana sana, na haya atayasoma.) Vipindi 36, na karibu vyote ni watu wamekaa mezani wanasemana: nani kamtembelea nani kwanza, zawadi ya huyu ilikuwa nzito kuliko ya yule, mtoto wa kiume anasukumwa huku na huku na hana la kusema. Hakuna maiti, hakuna sumu kwenye chai, hakuna mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Na bado huwezi kuondoka.

Ilitiwa sauti za Kiswahili na watu wa Redio China Kimataifa, na hapo ndipo ilipouza. Kama ingewekewa maandishi chini ya picha, bibi asingeisoma na mimi nisingeiona. Kwa vile ilisema, tuliisikia, na baada ya siku kadhaa mama mdogo alikuwa anamlaumu yule mama mkwe mkubwa kama jirani wa ng'ambo ya uchochoro. Uchina yenyewe iliona imepata jambo: Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja tamthilia hii kwa jina, na baadaye StarTimes wakafanya shindano kule Tanzania la kutafuta watu wa kutia sauti. Kasoro zipo. Baadhi ya sauti zimefanana mno, ukiwa umeipa mgongo utadhani mtu anajijibu mwenyewe, na kuna mahali maneno yanakwisha mdomo bado unacheza. Hilo la mdomo kwangu si tatizo, mnajua kwa nini.

Wanaume wa nyumba yetu wao ni Ertuğrul. Hii ni ya Uturuki, ilianza kuonyeshwa TRT 1 mwaka 2014 ikaisha 2019, misimu mitano, na kule kwao kila kipande hukaribia saa mbili. Inamhusu baba yake Osman, yule ambaye dola ya Uthmaniya imepewa jina lake. Kaka zangu waliitazama ya Kiswahili kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha shuleni. Mabarazani watu walikuwa wakibishana kuhusu shoka la Turgut, mpiganaji wa Ertuğrul, kama wanavyobishana kuhusu Arsenal. Mimi huku juu nasikia farasi, panga, takbir, farasi tena, panga tena. Nani kamuua nani, sijui. Lakini Ibn Arabi, yule sheikh mwenye hekima, akiingia kwenye hema, ami hunyamazisha ukumbi mzima, na maneno yanapanda taratibu, kisa baada ya kisa, mpaka kitunguu kinaungua. Kama kuna mtu atakayekata vipande vya Ibn Arabi peke yake akaviunganisha, nitanunua.

Nitaje na kimoja kisicho mchezo wa kuigiza. Jicho Pevu ya KTN, kipindi cha habari za upelelezi, enzi za Mohammed Ali kabla hajaenda Bungeni kama mbunge wa Nyali mwaka 2017. Picha zake nyingi zilikuwa giza na watu waliofichwa nyuso, kwa hivyo hata waliokaa chini walikuwa wanasikiliza kama mimi. Ile sauti yake ya kukata maneno kipande kipande ilitosha. Paruwanja la Mihadarati ilipoonyeshwa hakuna aliyezungumza kwetu, maana unga wa kulevya umemaliza vijana wa miji hii ya Pwani, Malindi na Amu zikiwemo, na kila nyumba ina jina lisilotajwa.

Juu ya hayo yote kuna king'amuzi. Kampuni siitaji. Nimelipa kwa simu, ujumbe ukaja papo hapo kushukuru, chaneli zikafunguka baada ya kipindi kwisha. Ukipiga simu unaambiwa uchomoe waya, uhesabu, urudishe. Na dishi letu, kwa chumvi ya bahari hii, linashika kutu kwenye skrubu mpaka upepo wa kusi ukivuma linageuka kidogo na picha inakuwa vipande vipande. Fundi akipanda juu ya dari hunidai chai kwanza, kisha ndiyo anaanza kupiga kelele, "Bado? Sasa je? Bado?"

Ndiyo maana siku hizi nimehamia simu, nikaiweka juu ya gunia la mchele mbali na mafuta. Vioja na Vitimbi, vya zamani na vipya, KBC wameviweka YouTube, bure. Anayetaka kujaribu aanze na Vioja, kesi yoyote, hazifuatani. Bando likiwa dogo, shusha ubora wa picha mpaka chini kabisa. Nyuso zitakuwa ukungu mtupu, lakini Ondiek utamsikia vilevile.