Nilivyojaribu uduvi, dagaa na tuna wa kopo kuvulia samoni Tillamook

Nianze na hesabu maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Safari sita kati ya Septemba na Oktoba, aina nne za chambo cha ajabuajabu, chinook wanne ndani ya mashua na coho mmoja aliyerudi majini (zote mbili ni aina za samoni). Katika hao chinook wanne, watatu walikula kamba waliopakwa unga wa uduvi. Ndiyo, uduvi huu huu wa kupika na nazi.

Naishi Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Kwenda Tillamook ni kama kilomita 120, unapanda milima kisha unashuka ukiufuata mto Wilson, na mara nyingi mvua inakusindikiza mpaka mwisho. Mito mitano inaingia kwenye ghuba ile: Miami, Kilchis, Wilson, Trask na Tillamook. Chini kabisa, kwenye malisho ya ng'ombe wa maziwa ambao harufu yao utaisikia kabla hujauona mto, maji ya bahari hupanda na kushuka kila siku kama kwetu Pangani. Hapo ndipo chinook wa vuli hupumzika kabla ya kupanda juu kuzaa.

Wenyeji huvua kwa boya. Wanatundika fungu la mayai ya samoni yaliyokolezwa dawa, pengine na kamba wa mchangani juu yake, na chambo kinaning'inia kama sentimita 30 kutoka chini. Njia nzuri, sina ugomvi nayo. Ila ili upate mayai shurti uvue jike kwanza, na mimi nilikuwa sijavua hata dume. Ya dukani bei yake inakata maini. Halafu kuna suala la salfaiti: utafiti uliofanywa hapa Oregon ulionyesha kwamba sodiamu salfaiti iliyokuwa ikitiwa kwenye dawa za kukolezea mayai inaweza kuua samoni wachanga wanaoyala. Nikaona heri nijitengenezee changu.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe, chambo hakikuwa na kosa. Nimekulia Pangani, najua bamvua na maji mafu, najua maji yakijaa leo saa saba, kesho ni karibu saa nane, na kwamba kujaa kwa usiku na kujaa kwa mchana ni karibu sawa. Pasifiki ya huku haiko hivyo. Maji hujaa mara mbili kwa siku, lakini mara moja hujaa kwelikweli na mara ya pili yanaweza kuwa ya kuvunga tu. Mimi nikaenda kwenye ule ujaaji dhaifu. Tena ratiba niliyosoma ilikuwa ya mdomo wa ghuba, na huko ndani mtoni maji hufika yamechelewa saa nzima na zaidi. Tulikaa kwenye mashua kutwa nzima tukitazama boya limesimama wima kama askari wa lindo. Tangu siku hiyo nasoma kimo cha maji kwanza, saa baadaye.

Dagaa lilikuwa wazo la rafiki yangu wa Uvira, mwenye hiyo mashua ya alumini. Yeye huwaita ndagala na anaamini hakuna kiumbe wa majini anayeweza kuwakataa. Tuliloweka dagaa wakavu usiku kucha, tukafunga sita sita kwa uzi kwenye ndoana. Shida ya kwanza: dagaa aliyekaushwa juani akiloa huwa kama karatasi, ukirusha mara mbili kimebaki kichwa. Shida ya pili ni wale samaki wadogo wenye kichwa kikubwa, sculpin, ambao wamejaa maji ya chumvichumvi na kazi yao ni kudonoa. Boya lilicheza asubuhi nzima na tulivua sculpin kumi na mbili, kila mmoja urefu wa kidole. Rafiki yangu akatikisa kichwa: "Hii samaki kubwa haiko na akili." Dagaa waliobaki tulikula wenyewe kwa ugali, na kwa kazi hiyo hawana mpinzani.

Tuna wa kopo si utani. Wavuvi wa mto Columbia huwajaza ndani ya chambo bandia chenye tundu, kwa hiyo wazo si langu. Langu lilikuwa kumfunga kwenye kitambaa cha wavu. Nilikata kipande cha chandarua kuukuu (kisicho na dawa, tafadhali), nikaweka kijiko cha tuna wa mafuta, nikafunga kwa uzi kikawa kama kitunguu kidogo. Mafuta yanatoka polepole na unayaona yanapanda juu ya maji yakimetameta. Dakika ishirini yamekwisha, unafunga kingine. Hapo ndipo alipokula coho, samaki mzuri wa fedha tupu. Nikamgeuza majini nitazame lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia. Lilikuwepo. Wale wanaofugwa vituoni hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo, na kanuni ya sehemu ile msimu ule ilisema mwenye pezi arudi. Akarudi. Chinook mmoja alikula tuna pia, wiki mbili baadaye. Kwa dola mbili za kopo, mimi silalamiki.

Sasa uduvi. Samoni akiwa baharini hula krill, ambao ukiwatazama ni kama uduvi walioenda shule, na maduka ya uvuvi huuza unga wa krill kwa bei ya dhahabu. Duka la Waasia lililo karibu na kwangu linauza uduvi mkavu, mfuko mkubwa, chini ya dola tano. Nilifanya hivi: kamba wabichi wenye maganda, ukubwa wa kidole, dazeni mbili. Chumvi isiyo na iodini nusu kikombe, sukari robo kikombe, boraksi (unga mweupe wa kufulia) robo kikombe, rangi ya waridi ya chakula matone ya kutosha kuchafua jikoni. Uduvi nikautwanga mpaka ukawa unga, vijiko vikubwa viwili, na kijiko kimoja cha shamari iliyosagwa. Vyote kwenye mfuko, friji saa 24. Kamba wanatoka wamekakamaa, wekundu wa kutisha, na hawang'oki kwenye ndoana hata ukirusha kwa hasira. Boraksi si ya kuliwa. Tumia bakuli lako, uandike juu yake, na ukae mbali na vyombo vya mama watoto.

Shamari niliitia kwa sababu ya mikono. Wavuvi wa huku wanapenda mafuta ya anisi, yenye harufu ya namna hiyo hiyo, kufunika harufu ya mtu. Mambo ya harufu ya mtu si ushirikina: watafiti wa Kanada miaka ya 1950 waligundua kwamba maji yaliyooshewa mikono huwashtua samoni wanaopanda mto, na kinachowashtua ni serini, asidi ya amino iliyo kwenye ngozi yetu. Navaa glavu za mpira tangu nyumbani. Kituo cha mafuta anashuka rafiki yangu, mimi nisinuke petroli.

Ya kwanza kwa uduvi ilikuwa Trask, saa mbili kasoro asubuhi, maji yamejaa na kusimama, majani yanaelea bila kujua yaende wapi. Boya likatikisika mara moja. Likalala ubavu. Kisha likazama taratibu, si kwa kishindo kama changu anavyovuta mshipi kwetu, bali kama kitu kilichochoka. Nilisubiri, nikazungusha rili mpaka mshipi ukakaza, ndipo nikainua fimbo. Dakika kumi na tano baadaye sili alitoa kichwa mita ishirini kutoka kwetu akitutazama kwa adabu, na mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa lugha tatu. Chinook wa kilo 11. Nikamwandikisha hapo hapo kwenye simu kama sheria inavyotaka, mikono ikitetemeka hadi nikakosea neno la siri.

Nikikupa alama: uduvi nane kwa kumi, tuna sita, dagaa moja (ya huruma). Hizo mbili nilizoziondoa kwa uduvi ni kwa sababu juu zaidi, ambako maji ni matamu kabisa, haukufanya lolote. Tulijaribu huko asubuhi mbili, tukaambulia baridi. Samoni akishaingia mtoni ameacha kula, tumbo linanywea, na nadhani yule wa chini bado ana ladha ya bahari mdomoni.

Aina ya nne ni chupa ya marashi ya kuvutia samoni niliyonunua mtandaoni, dola 14, ikisemekana ina harufu ya kitunguu saumu na ngisi. Kifuniko hakikufunga. Ilimwagika chini ya kiti cha gari na niliyoipaka kwenye kamba haikuleta hata sculpin. Nimewaandikia wauzaji mara mbili, kimya. Gari nimeliosha mara tatu.

Kabla hujaenda, soma kanuni za mwaka huo kwa mto huo huo unaoukusudia, kwa kuwa kuna sehemu chambo cha asili hakiruhusiwi kabisa, na mbali na leseni unahitaji tagi ya samoni. Uduvi uliobaki niliuhifadhi kwenye friji. Jumamosi nilikuta umepikwa na nazi, mtamu ajabu, na mke wangu ameacha karatasi mezani: "Wa samaki kanunue mwingine."