Matofali ya kufungamana: pima kimo kabla ya kutoa hela

Mwaka jana nilinunua matofali 1,800 ya kufungamana, yale ya udongo na saruji yenye meno yanayoshikana, kwa ajili ya vyumba viwili vya uani kule Chanika. Kozi ya kwanza, yaani safu ya kwanza ya matofali, fundi aliilaza kwenye mota (mchanganyiko wa mchanga na saruji), ya pili na ya tatu zikapanda kavu, tukafurahi. Kufika kozi ya nane akaniita nitazame pima maji. Upande wa mlango ukuta ulikuwa umepanda, wa dirishani umezama. Ikabidi tuanze kuchomekea mota huku na kule ili kusawazisha. Hadi tunafunga linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nilikuwa nimeongeza mifuko 11 ya saruji ambayo haikuwa kwenye hesabu, na bado nikapiga plasta ndani na nje kufunika mabaka.

Tangu niweke picha za ukuta ule nimepokea malalamiko ya aina hiyohiyo kutoka Kibaha, Morogoro na Dodoma, kwa hiyo naandika.

Karibu kila mtu huuliza nguvu na rangi. Hayo muuzaji yeyote atakueleza. Mimi nataka tuongelee kimo, yaani tofali limesimama milimita ngapi kutoka chini hadi juu. Bloku ya kawaida ikipungua milimita tatu, mota inameza tofauti hiyo. Tofali la kufungamana linakaa kavu juu ya mwenzake, kwa hiyo kosa halina pa kujificha, linapanda na ukuta. Chukua ukuta wa kozi 25: kama matofali ya kona moja yamezidi milimita 2 tu, juu kabisa umeshapishana sentimita 5. Na faida ya tofali hili kwa mazingira ni kwamba halichomwi kwa kuni na ukuta wake unakula saruji kidogo. Ukirudisha saruji kwa mlango wa nyuma, umelipia nini?

Sasa nipange ninavyoyaona.

La kwanza, na sifichi kwamba ndilo ninalolipenda, ni la mashine ya Hydraform, ile ya haidroliki kutoka Afrika Kusini. Sababu yangu ni moja. Katika mashine hii udongo ukizidi au ukipungua, kinachobadilika ni urefu wa tofali likiwa limelala. Kimo, milimita 115, kinashikwa na kuta za kalibu. Tofali likiwa refu kidogo, fundi anamalizia kwa kukata kipande kwenye kona au mlangoni, lakini kozi inabaki imelala sawa. Kwenye mita moja ya mraba yanaingia kama 38. Ukiwa na eneo na udongo unaofaa, kodisha mashine ije kwako, utumie udongo wa shimo la choo baada ya kuondoa ule wa juu wenye mizizi na mboji. Udongo uliotoka hapohapo hauhitaji lori.

La pili ni la mashine ya mkono, lile la milimita 300 kwa 150 kwa 100 ambalo NHBRA, wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba bora, umelisambaza sana nchini. Yanaingia 33 hivi kwa mita ya mraba. Hapa udongo hukandamizwa kuelekea kimo, kwa hiyo kijana akijaza kwa koleo na kukisia, kimo kinacheza. Yangu yalikuwa ya aina hii. Mashine haina kosa: kiwanda kinachopima udongo kwa kopo moja kila mara hutoa matofali mazuri kabisa. Nenda wakati wanafyatua, uangalie mkono wa anayejaza.

Bloku za mchanga na saruji ni za tatu. Zinakula saruji kwenye tofali lenyewe, kisha kwenye mota, kisha kwenye plasta. Matofali ya kuchoma ni rahisi kwa bei, lakini tanuri linamaliza miti ya kijiji. Siyapendekezi.

Namna ya kupima: chagua matofali 20 wewe mwenyewe, mengine katikati ya rundo, mengine chini kabisa. Usikubali uliyochaguliwa. Yapange minara miwili ya matofali kumi kumi, makavu, juu ya sakafu iliyolala sawa, uweke futi kamba. Mnara wa matofali ya mashine ya mkono usome sentimita 100 bila kuhesabu meno, maana meno yanazama ndani ya tofali jingine. Minara ikipishana zaidi ya milimita 5, mimi siyanunui.

Halafu kuna wauzaji. Nililipa shilingi 850 kwa tofali, bei iliyokuja baada ya siku mbili za "bei njoo inboksi", na kupakia nikaambiwa ni juu yangu, lori juu yangu, kushusha juu yangu. Yaliyovunjika njiani yalikuwa 70, na hakuna aliyetaka kuyasikia. Baadaye ndipo nikajua yalifyatuliwa siku nne kabla. Tofali la udongo na saruji linatakiwa lifunikwe turubai kivulini na kumwagiliwa angalau siku saba, na lifikishe siku 28 ndipo libebe ukuta. Wanajua. Wameandika "rafiki wa mazingira" kwenye bango kubwa getini, wakapandisha bei kwa maneno hayo, kisha wanashindwa kununua turubai. Inaniuma zaidi kwa sababu jirani yangu aliyekuja kuutazama ukuta wangu amerudi kwenye bloku, na simlaumu.

Ukinunua, dai iandikwe kwenye risiti: tarehe ya kufyatuliwa, kimo cha tofali, na kwamba yatakayopishana au kuvunjika kwenye kupakia yatabadilishwa. Mimi nimebakiwa na matofali 140 chini ya mwembe. Nayatandaza yawe njia ya kwenda bombani, na uzio nasubiri masika yaishe nikodishe Hydraform.