Tulilipia migodi, tukaonyeshwa mageti: Kahama hadi Kimberley kwa Coaster

Nina makarasha mawili, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, Kahama, na leseni ndogo moja ya uchimbaji ambayo hunipa mawe msimu mmoja na kuninyima misimu miwili. Watu wa kazi yangu hatuna mazoea ya kutalii. Wakala mmoja alipotangaza kwenye kundi letu la WhatsApp "ziara ya mafunzo kwa barabara, kutembelea miradi ya madini Zambia, Botswana na Afrika Kusini", nililipa bila kubisha sana: milioni nne na laki mbili, ndani yake usafiri, malazi na viingilio, chakula juu yako. Siku 17 kwenda na kurudi. Tulikuwa abiria 14 na madereva wawili. Jina la wakala silitaji, tumeshamalizana naye. Ninaandika ili mwenzangu anayefikiria safari ya namna hii ajue anachonunua.

Nianze na gari, maana tulikaa humo kuliko mgodi wowote. Coaster ilikuwa nzima, matairi mapya, ila kiyoyozi kilikata roho kabla hatujafika Chunya na hakikufufuka tena. Madereva nawapa alama zote. Mmoja wao alikuwa ameendesha malori ya shaba kati ya Dar na Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, kwa miaka, na kusema kweli ndiye aliyetufundisha kuliko mtu yeyote aliyelipwa kutufundisha. Kwenye foleni ya Tunduma alituonyesha trela ndefu zilizoonekana kama tupu, zimebeba mafurushi machache ya mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda, hayafiki hata magotini. "Hilo limejaa," alisema. Shaba ni nzito. Ukipakia mpaka ionekane imejaa, mzani utakulaza njiani. Na malori yanayopanda kuelekea Kongo alitusomea vilevile: haya mafuta, haya salfa ya kwenda kutengenezea asidi ya kuchenjulia shaba. Tangu hapo kila mtu akawa anahesabu malori kama watoto.

Mpakani Tunduma na Nakonde mnagongewa mihuri ya nchi mbili ndani ya jengo moja, na Mtanzania haulizwi viza. Gari ndilo linaloteseka: dirisha hili bima, dirisha lile ushuru wa barabara, na baada ya hapo vizuizi vya tozo njia nzima ya Zambia, vyote kwa kwacha. Badilisheni pesa mapema. Kati ya Mpika na Serenje kulikuwa na vipande ambavyo dereva alikuwa anachagua shimo la kuingia, si la kukwepa. Reli ya TAZARA inakwenda na wewe, mara inatokea, mara inajificha, mpaka Kapiri Mposhi inapoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar.

Sasa uje kwenye lawama yangu kubwa. Ratiba ilisema siku mbili za "kutembelea migodi ya shaba". Tulifika kwenye geti la mgodi mmoja asubuhi na mapema, tumevaa buti na vizibao vya kung'aa tulivyonunua kwa pesa zetu. Mlinzi aliuliza barua. Hakukuwa na barua. Wakala alikuwa ametuma ujumbe wa simu kwa mtu fulani aliyemwambia "njooni tu". Mgodi unaofanya kazi hauendi hivyo, na sisi tulipaswa kulijua hilo kuliko yeye: wanataka majina na namba za pasi wiki kadhaa kabla, wanataka kujua unatoka kampuni gani, wanakupa semina ya usalama kabla hujavuka kizuizi. Tulikaa getini kwa muda wa saa tatu. Mlinzi alikuwa mpole, akatuletea hata maji, lakini hatukuvuka.

Kilichookoa siku ile ni Kitwe yenyewe, mji wa shaba wa Zambia. Mjini kuna kilima cheusi kinachoitwa Black Mountain, lundo la mabaki ya tanuru za kuyeyushia shaba lililokusanywa kwa miongo mingi, na vijana wanaolichimbua kutafuta shaba iliyobaki wanaitwa Jerabo. Mzee wa mgahawa tulipokula nshima, ugali wa huko, alituambia tusiende na kamera. Sikuhitaji kamera, nilikuwa natazama kitu ninachokijua. Watu wanagombania masalia ya mwenye mgodi aliyekula akashiba, kila mmoja ana tajiri wake, na mvua ikinyesha kila mmoja anaomba ukuta usimwangukie. Ukibadilisha lugha tu, uko kwetu.

Kabwe tulipita bila kusimama, na hilo nalo namdai wakala. Mgodi ule wa madini ya risasi (lead) na zinki, zamani ukiitwa Broken Hill, ulifungwa mwaka 1994, na risasi iliyoachwa kwenye udongo mpaka leo inaingia kwenye damu ya watoto wa mitaa ya jirani. Hapohapo, mwaka 1921, wachimbaji walifukua fuvu la binadamu wa kale ambalo dunia nzima inalijua. Kwa ziara inayojiita ya mafunzo, pale pangestahili nusu siku kuliko duka kubwa la Lusaka tulikoachwa mchana kutwa.

Daraja la Kazungula, ukilifika, mwambie dereva aende taratibu. Lilifunguliwa Mei 2021, lina mita 923, na limepinda katikati ya Zambezi kama upinde kwa sababu lilikwepa kukanyaga maji ya Zimbabwe. Dereva wetu alikumbuka enzi za kivuko, lori linasubiri siku na siku. Sisi tulivuka kabla hajamaliza hadithi.

Upande wa Botswana wanakukagua nyama na maziwa na kukukanyagisha dawa ya kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe. Mwenzetu mmoja aliacha pale kilo mbili za nyama kavu kwa huzuni kubwa. Barabara ya kwenda Nata imenyooka mpaka inachosha, na tembo wanavuka wanapotaka. Usikubali kupita hapo usiku, hata dereva akikuapia.

Botswana wakala hakujaribu hata kuomba. Tulilala Letlhakane, tukaona kwa mbali vilima vya kifusi vya Orapa, basi. Orapa si mgodi tu, ni mji mzima ndani ya uzio, huingii bila kibali. Wenzangu walinung'unika, mimi nilicheka. Nimezaliwa Maganzo, nje ya uzio wa Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga. Najua mji wa almasi unavyoonekana ukiwa upande usio na taa, na wajomba zangu wawili walikuwa wabeshi, wachimbaji wa kuiba almasi, wanaingia usiku na kutoka alfajiri, siku nyingine hawatoki kwa miguu yao. Lakini kuna jambo nililomuuliza mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja wa makamo, baada ya kumwamkia "dumela mma". Nilimuuliza almasi imewafanyia nini. Hakuanza na hotuba. Alinyoosha kidole: lami ile, shule ile, zahanati ile. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966, almasi ya Orapa ikagunduliwa mwaka uliofuata, na kampuni inayoichimba serikali ina nusu yake. Nilinyamaza kidogo.

Afrika Kusini ndiko pesa yangu ilikorudi. Kwa sababu gani? Kwa sababu huko kuna migodi iliyozoea wageni, ina tiketi, ina mwongozaji, wakala hana namna ya kuharibu.

Cullinan, mashariki ya Pretoria, ilikuwa bora kuliko zote. Weka nafasi mapema, maana kushuka chini si kila saa. Wanakupa ovaroli, buti, helmeti na taa, na kifaa cha kupumulia cha dharura cha kufunga kiunoni, halafu wanakufundisha kukitumia mpaka wahakikishe umeelewa. Keji, yaani lifti ya mgodini, inashuka, masikio yanaziba. Huko chini kuna barabara za mashine kubwa na kuta zilizopigwa zege. Kwetu mtu anashuka duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, kwa kamba na matimba ya miti aliyoyakata mwenyewe. Hapo Cullinan ndipo ilipotoka, mwaka 1905, almasi ya karati 3,106, kubwa kuliko zote za ubora wa vito zilizowahi kupatikana, na haikutoka chini huko: ilionekana karibu na uso wa ardhi, ukutani mwa shimo la wazi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba kwa miaka kadhaa Cullinan na Mwadui zilikuwa chini ya kampuni ileile. Nilitazama helmeti yangu nikawakumbuka wajomba.

Gold Reef City, Johannesburg, ni bustani ya michezo iliyojengwa juu ya shimo namba 14 la Crown Mines. Unashuka kama mita 75, unarudi juu, unaonyeshwa dhahabu ikimiminwa. Kuwaonyesha watu wa Kahama dhahabu ikimiminwa ni kumuonyesha mvuvi samaki, lakini watoto wataipenda. Mwenzetu wa Tukuyu ndiye aliyeguswa. Babu yake alikwenda "Wenela", yaani kuandikishwa kazi ya migodi ya Afrika Kusini, zama za ukoloni, kama walivyokwenda vijana wengi wa Rungwe kabla serikali ya Tanganyika haijakomesha uandikishaji ule baada ya uhuru. Alirudi na baiskeli na kikohozi. Mjukuu alisimama mle chini akakataa kupiga picha.

Lakini somo la safari nzima halikuwa kwenye tiketi. Ukizunguka Johannesburg unaona vilima vya njano vilivyokatwa juu kama meza, marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, ya zaidi ya miaka mia moja. Mwongozaji, mzee aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi, alitueleza kwamba vilima hivyo vinachimbwa upya: wanavipiga kwa maji yenye nguvu mpaka vigeuke uji, uji unasukumwa kwenye mabomba kilomita nyingi hadi plenti, kiwanda cha kuchenjulia, na wanatoa dhahabu isiyofika nusu gramu kwa tani. Nusu gramu haifiki! Mimi marudio ya makarasha yangu huwa nauza kwa lori, bila kupima, kwa mwenye plenti ya sianidi anayekuja na bei yake mfukoni. Nilimwomba mzee arudie ile hesabu mara mbili.

Kimberley tulifika tumechoka na tukapewa saa mbili tu. Lile Shimo Kubwa lilichimbwa kwa sururu na koleo kuanzia 1871 hadi 1914, mita 240 kwenda chini kwa mkono wa mtu, na mzunguko wake ni kilomita 1.6. Unasimama kwenye jukwaa lililotokeza juu ya shimo, chini kuna maji ya kijani. Walianza kama sisi: kila mchimbaji na kitalu chake cha futi 31 kwa 31, mpaka mwenye mtaji akavinunua kimoja kimoja. Mwamba wa Mwadui unaitwa kimbalaiti kwa sababu ya mji huu, neno nililolisikia tangu utotoni bila kujua ni jina la mahali.

Nikitoa nyota: madereva tano, malazi tatu, wakala moja na nusu. Mkienda, mwambieni awaonyeshe barua ya kila mgodi yenye muhuri kabla hamjatoa hata shilingi. Asipokuwa nayo, lipieni usafiri peke yake na tiketi za Cullinan na Kimberley mnunue wenyewe. Tembeeni mwezi wa saba au wa nane, ila mbebe makoti, Kimberley usiku ni baridi ya kuuma mifupa.

Tukiwa njiani kurudi, foleni ya Nakonde, nilimpigia kijana wangu kumwambia lori la marudio lisipakiwe mpaka nifike na sampuli zipelekwe kupimwa. Akaniambia bosi, wameshapakia jana.